Kufunga turbo kwenye Datsun 1600: anza na mafuta

Injini ya L16 ina cc 1595, beringi kubwa 5 za krenkshafti na bloku nzito ya chuma. Ndiyo iliyokuwa kwenye Datsun 1600 SSS iliyoshinda Safari Rally mwaka 1970. Turbo ndogo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukumia injini hewa zaidi, inaibeba vizuri kabisa. Kinachoiua ni petroli kupungua wakati hewa inaongezeka, na ndiyo maana mpangilio wangu unaanzia kwenye tangi.

1. Pima kompresheni

Pasha injini, toa plagi zote 4, kanyaga mafuta hadi mwisho kisha piga stata. Silinda moja ikipishana na wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, tia kijiko cha chai cha oili ndani yake upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tazama vali na gasketi. Tengeneza kwanza, turbo baadaye. Na kama una SSS ya kabureta mbili, kompresheni yake ni kubwa kuliko ile ya kawaida ya 8.5:1, mwongozo huu ni wa ile ya kawaida.

2. Mafuta

Hapa usiwe na haraka. Turbo ikisukuma bar 0.5 (bar ni kipimo cha presha) ndani ya kabureta, hewa hiyo inazuia petroli isiingie. Pampu ya zamani inayoendeshwa na kemshafti hutoa karibu bar 0.25 tu, kwa hiyo petroli inashindwa nguvu.

Niliwahi kupuuza jambo hili. Kwenye mlima gari lilivuta kwa sekunde chache, likakata kama mtu aliyezima swichi, likashika tena, likakata. Nilipofungua, ukingo wa pistoni ya 3 ulikuwa umeliwa kama sabuni iliyotafunwa na panya.

Funga pampu ya umeme inayoweza kutoa zaidi ya bar 1, reguleta ya kudhibiti presha ya petroli yenye hozi ndogo inayotoka kwenye bomba la hewa ya turbo, na paipu ya kurudisha petroli kwenye tangi. Weka bar 0.25 injini ikinguruma bila kukanyagwa. Turbo ikifika bar 0.5, geji ya petroli isome 0.75. Tundu la kupumulia la bakuli la kabureta nalo lipate hewa hiyohiyo ya turbo, la sivyo petroli haitapanda kwenye jeti. Boya likiwa la shaba lenye uwazi ndani, badilisha, presha hulibonyeza.

3. Turbo na manifoldi

Mimi hutumia turbo aina ya T25 iliyotoka kwenye Nissan za cc 1800. Shika shafti uitikise: ikigusa nyumba yake, iache dukani. Manifoldi chomelea kwa elbo nene za mvuke na flenji ya milimita 10, ikiwa imefungwa kwa bolti kwenye silindahedi mbovu ili isipinde. Kwenye L16 hewa inaingia na moshi unatoka upande mmoja, kwa hiyo weka kinga ya bati kati ya ekzosi na kabureta.

Oili ya turbo chukua kwenye tundu la swichi ya presha kwa kutumia tii, kiungo chenye umbo la T. Paipu ya kurudi iwe nene, iteremke moja kwa moja bila kupinda, na iingie sampu (bakuli la oili chini ya injini) juu ya usawa wa oili. Ikibana, utaona moshi wa bluu na utailaumu turbo bure.

4. Moto

Weka plagi baridi zaidi, yaani inayopoteza joto haraka, kwa namba moja: kama ni NGK BP6ES, chukua BP7ES, mwanya milimita 0.7. Rudisha nyuma taimingi ya mwisho (cheche ichelewe kuwaka) kwa digrii 7 hivi. Vakyumu ya distributa, ile inayosogeza taimingi kwa mvuto wa hewa, isipate hewa ya turbo.

5. Barabarani

Funga sensa ya lambda, inayopima oksijeni kwenye moshi, kwenye ekzosi na uende na mwenzako wa kusoma geji. Gia ya tatu, mlima mrefu, kanyaga taratibu. Turbo ikiwa kamili, uwiano wa hewa kwa petroli uwe kati ya 11.5 na 12. Ukisikia mlio wa kokoto kwenye debe, achia mguu papo hapo. Kisha zima, toa plagi, zitazame mwangani. Rangi ya kahawia, endelea. Nyeupe kama chaki, rudi hatua ya pili.