Jinsi ya kucheza Ogryn kama ukuta wa timu katika Darktide

Warhammer 40,000: Darktide, gemu ya studio ya Fatshark ya Sweden iliyotoka kwenye kompyuta Novemba 2022, huchezwa na watu wanne wa upande mmoja. Ogryn ndiye jitu lao. Wengi wakimchukua hukimbilia mbele wakatwange kila kinachosogea. Atatwanga, sawa, lakini faida yake kubwa iko kwenye mahali anaposimama.

Hatua ya 1: Chukua rungu na ngao. Silaha hii inaitwa Battle Maul & Slab Shield. Kwenye mti wa vipaji chagua Loyal Protector, ambayo huwachokoza maadui wa karibu wakugeukie wewe.

Hatua ya 2: Simama panapofaa. Hapa ndipo Ogryn wengi wanapoiangusha timu. Mgongo wako ni mpana; ukijaza mlango, wenzako wenye bunduki hawaoni kitu. Simama ubavuni mwa mlango, uwaachie njia ya kupiga risasi. Kama hakuna budi kukaa katikati, chuchumaa ili wapige juu ya kichwa chako. Kundi kubwa likija, tangulia hatua chache tu, kisha zunguka kidogo pembeni. Maadui watakufuata kwa macho, na wenzako watabaki wakiwapiga migongoni.

Hatua ya 3: Zuia, sukuma, piga. Kila pigo unalozuia hula stamina, na ikiisha ulinzi wako unavunjika. Kwa hiyo usishike kitufe cha kuzuia mpaka mwisho. Zuia mapigo machache, sukuma wayumbe, achilia pigo zito la kufagia, halafu anza tena. Rudia mpaka vidole vizoee bila kufikiri. Pox Hound, yule adui mbwa, akimrukia mwenzako, acha vyote ukamsukume au umpige atoke juu yake.

Hatua ya 4: Wapiga risasi. Ukubwa wako unakufanya shabaha rahisi. Pita kutoka kificho hadi kificho, na ukiwafikia karibu wengi wao huacha bunduki na kushika silaha za mkono, hapo wako kwako. Ngao nayo ina kitendo maalumu: unaisimika chini nayo inazuia kila kinachotoka mbele. Huwezi kutembea ukiwa umeisimika, na mgongo uko wazi, kwa hiyo usiizoee. Nafasi yake nzuri ni pale mwenzako ameanguka uwanjani: isimike kati yake na risasi, mwingine amwinue nyuma yako. Mechi ngumu nyingi huokolewa hapo.

Hatua ya 5: Usiache kundi. Upau wa bluu, Toughness, yaani kinga inayopungua kabla ya uhai, hujijaza wenyewe mkiwa karibu karibu. Ukiwa peke yako haujijazi. Hapo unategemea zaidi kuua kwa silaha ya mkono. Ukimfukuza adui mmoja hadi mwisho wa korido, umejinyima wewe na umewanyima wenzako. Mwache aende.

Mkifika kwenye kituo cha Medicae, mashine ya kurudisha uhai, angalia uhai wa wote wanne kabla ya kubonyeza. Chaji zake ni chache. Aliyebaki na uhai kidogo zaidi atangulie, hata kama wewe ndiye unayepigwa kuliko wote.