Jinsi ya Kutatua Mafumbo ya Michanganyiko kwa Aljebra

Chai iliyokolea sukari na chai isiyokolea zinaweza kujaza vikombe vilivyo sawa, lakini sukari iliyomo ndani yake si sawa. Mwanafunzi akiishika tofauti hiyo, kati ya kiasi cha kimiminika chote na kiasi cha kitu kilichomo ndani yake, amekwisha kuvuka sehemu iliyo ngumu kuliko zote katika mafumbo haya, kwa kuwa aljebra inayobaki ni ya mlinganyo mmoja wenye herufi moja tu.

Kanuni yenyewe ni kwamba asilimia hazijumlishwi. Kinachojumlishwa ni kile kitu kilichomo, kiwe chumvi, klorini au mafuta. Kwa hiyo, kabla ya kuandika herufi yoyote, tambua kitu unachokifuata, kisha uchore jedwali lenye mstari mmoja kwa kila kimiminika na mstari wa mwisho kwa mchanganyiko. Katika kila mstari andika kiasi chote, asilimia, na zao la hivyo viwili (yaani kimoja mara kingine), ambalo ndilo kiasi cha kitu kilichomo.

Tuseme mkusanyaji wa maziwa huko Mbarara, Uganda, ana maziwa yenye mafuta asilimia 5 na mengine yenye asilimia 2, naye anahitaji lita 30 zenye asilimia 3. Lita za maziwa ya kwanza tuziite x; za pili, kwa kuwa jumla ni 30, ni 30 − x. Napendelea njia hii kuliko kuleta herufi ya pili, maana wengi huandika y kisha wakasahau kuwa inategemea x. Mafuta yanayoingia lazima yawe sawa na mafuta yatakayokuwemo:

0.05x + 0.02(30 − x) = 0.03 × 30

Zidisha pande zote kwa 100 ili uondokane na desimali:

5x + 60 − 2x = 90
3x = 30
x = 10

Zinahitajika lita 10 za maziwa ya kwanza na 20 za maziwa ya pili. Hakiki: 0.5 na 0.4 ni 0.9, ambayo ni asilimia 3 ya 30. Tazama pia kwamba 3 iko karibu zaidi na 2 kuliko 5, kwa hiyo ilibidi maziwa ya asilimia 2 yawe mengi zaidi. Jibu linalokwenda kinyume na hapo lina kosa, hata kama hesabu yake inapendeza machoni.

Maji matupu huwapotosha wengi, ilhali nayo yana mstari wake katika jedwali, wenye asilimia 0. Katika kupambana na Ebola, kama ilivyokuwa Mubende mwaka 2022, klorini ya asilimia 0.5 hutumika kusafishia sakafu na vyombo. Ukiwa na dawa ya klorini ya asilimia 3.5 na jerikeni ya lita 20 ya kujaza, lita za dawa ziite x; mlinganyo ni 0.035x + 0 = 0.005 × 20, na x ni takriban lita 2.86, maji ni lita 17.14. Usishtuke kwa kuwa jibu si namba nzima, kwani uwiano wake ni sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 6 za maji.

Maji yanapotoka badala ya kuingia, kama katika mabwawa ya chumvi ya Ziwa Katwe ambako jua huyakausha, chumvi haipungui. Kilo 50 za maji yenye chumvi asilimia 8 zina kilo 4 za chumvi. Ili ukolezi ufike asilimia 20, kilo za maji yanayokauka ziite x, kisha andika 0.20(50 − x) = 4; kilo zilizobaki ni 20, na maji yaliyokwenda hewani ni kilo 30.