Kusaka peptidi za damu kwa masi-spektrometri ukiwa Dar, anza na tyubu kabla ya mashine

Wadau, watu wengi wakitaka kuingia kwenye hii kazi swali la kwanza ni mashine gani nzuri (masi-spektrometri, ile inayopima uzito wa molekuli), wakati hawajui hata damu itachukuliwa na nani na itafika maabara saa ngapi. Mashine tutafika. Peptidi ni vipande vifupi vya protini, kwenye damu viko vingi mno, vingine homoni kama insulini, vingine mabaki tu ya protini zilizokatwa na enzaimu, na tunavitafuta kwa sababu kinachokatwa kwa mgonjwa kinaweza kutofautiana na kinachokatwa kwa mzima. BNP kwa mfano, peptidi ya amino asidi 32, inapanda moyo ukielemewa na madaktari wanaipima kila siku. Sasa ishu ni kwamba enzaimu haziachi kazi damu ikishatoka mkononi, zinaendelea kukata ndani ya tyubu, kwa hiyo usipojipanga utakuja kugundua bayomaka (alama ya ugonjwa kwenye damu) ya foleni ya Ubungo.

Kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na cha chuo chako shughulikia mapema, na kama mashine utakayotumia iko nje ya nchi anza pia makaratasi ya kusafirisha sampuli, hayo yanakula muda kuliko maabara yenyewe.

Damu iingie kwenye tyubu ya EDTA (dawa ya kuzuia damu kuganda), ile ya kifuniko cha zambarau. Seramu (maji yanayobaki damu ikishaganda) achana nayo kwa kazi hii, maana ili upate seramu lazima damu igande, na kuganda kwenyewe ni enzaimu zinakata protini kwa fujo. Geuza tyubu taratibu mara nane hadi kumi, usitikise. Halafu protokali za Ulaya zikiandika joto la chumba wanamaanisha nyuzi 20 mpaka 25, chumba cha Dar mwezi wa pili bila AC kinapita 30, kwa hiyo hapo hujafuata protokali hata kama umeisoma neno kwa neno. Chagua joto moja na muda mmoja, mfano ndani ya nusu saa iwe imeshaingia kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha damu), ukae nao kwa wagonjwa na kwa wazima sawasawa. Kama kliniki iko Mbagala na maabara iko Upanga usimpe bodaboda damu nzima, peleka sentrifuji ndogo hukohuko kliniki, plazma (maji ya damu ambayo haijaganda, bila chembe) ndiyo isafiri ikiwa imeshagandishwa kwa baridi, ndani ya barafu kavu.

Zungusha 2,000 g dakika 10 (g jamani, yaani nguvu ya mzunguko ikilinganishwa na mvutano wa dunia, sio mizunguko kwa dakika, kila mashine ina rota yake), vuta plazma ya juu bila kugusa utando mweupe, hamishia tyubu mpya, zungusha tena 2,500 g dakika 15 kuondoa chembe sahani. Gawa kwenye vityubu vya maikrolita 200, friza ya −80, na kila kityubu kiyeyushwe mara moja tu. Plazma iliyo nyekundu iandike pembeni, chembe nyekundu zimepasuka na hemoglobini itajaza data yako. Wanaofanya selimundu hapa pagumu kidogo, kwa sababu chembe za mgonjwa zinapasuka mwilini mwake kweli, kwa hiyo peptidi za hemoglobini zinaweza kuwa ugonjwa au zinaweza kuwa sindano mbaya, na huwezi kutenganisha kama hukuandika nani alichukua damu, kwa sindano gani, na ilikaa muda gani.

Kuandaa sampuli sio kugumu. Albumini peke yake ni karibu nusu ya protini zote za plazma, kuisaka peptidi katikati yake ni kama kumtafuta mtu Kariakoo siku ya kuamkia Idi, lazima upunguze umati kwanza. Weka asetonitrili mara mbili ya ujazo wa plazma ikiwa na asidi kidogo, koroga, acha kwenye barafu nusu saa, zungusha kwa kasi kubwa, protini kubwa zitakaa chini na peptidi nyingi zinabaki juu. Kausha, yeyusha kwenye asidi fomiki asilimia 0.1, safisha kwa C18 (unga unaonasa peptidi na kuacha chumvi ipite). Na usiweke tripsini, enzaimu ya kukata protini! Watu wanaiweka kwa mazoea ya proteomiki (uchunguzi wa protini nzima), ukishaiweka umekata kila kitu upya na zile ncha za asili ndizo zilikuwa habari yenyewe.

Kwenye mashine kolamu (mrija unaotenganisha peptidi kabla hazijapimwa) ya C18 yenye kipenyo cha maikromita 75, mtiririko wa nanolita 300 kwa dakika, gradienti (kuongeza asetonitrili polepole) ya saa moja au moja na nusu, inatosha kuanzia. Ruhusu chaji za umeme kwa kila peptidi mpaka 7 au 8, peptidi za asili zinaweza kuwa ndefu na mipangilio ya kawaida inazitupa. Umeme ukikatika na vakyumu ikashuka, ukirudi usikimbilie kuingiza sampuli, subiri vakyumu itulie, kalibrisha, pitisha sampuli ya majaribio. Changanya foleni ya sampuli kwa bahati nasibu, usiweke wagonjwa Jumatatu na wazima Jumanne. Mwaka 2002 jarida la Lancet lilitoa utafiti uliodai kutambua saratani ya ovari kwa mchoro wa masi wa seramu, dunia ikashangilia, baadaye mtakwimu Keith Baggerly na wenzake wakachambua upya data zilizowekwa wazi wakaonyesha tofauti zile zinaweza kuwa zimetokana na jinsi sampuli zilivyoshughulikiwa na mashine ilivyokalibrishwa. Kila baada ya sampuli kumi hivi weka mchanganyiko uleule wa plazma zote, ukiona unayumba ujue mashine ndiyo inayumba.

Kutambua majina ya peptidi tumia programu ya MaxQuant au MSFragger na orodha ya protini za binadamu ya hifadhidata ya UniProt, kwenye sehemu ya enzaimu weka hamna, na kama hukufunga sisteini kwa iodoasetamidi toa ile modifikesheni ya sisteini ambayo programu inaiweka yenyewe, hiyo inaua matokeo kimyakimya. FDR (kiwango cha majina ya uongo unachovumilia) asilimia 1. Kisha kabla ya takwimu tafuta fibrinopeptidi A, ina amino asidi 16, ikiwa juu sana kwenye sampuli fulani basi damu ilianza kuganda wakati wa kuchukuliwa, iweke pembeni hata kama inakuumiza. Ukiona pia ngazi ya peptidi za protini moja zinazopungua amino asidi mojamoja mwishoni, jiulize kama zimekatwa mwilini au ndani ya tyubu.

Takwimu rekebisha kwa Benjamini-Hochberg (njia ya kupunguza matokeo ya bahati ukipima vitu vingi kwa pamoja), zitabaki chache, ndio kawaida. Hizo chache agiza peptidi zake za kutengenezwa zenye kaboni na nitrojeni nzito, zichanganye kwa kiasi unachokijua kwenye sampuli mpya za watu wengine kabisa, ikiwezekana wa hospitali nyingine na waliochukuliwa damu na mtu mwingine, upime hizo tu. Isiyotofautiana hapo ifute kwenye orodha.