Namna ya Kuchukua Sampuli za Maji ya Mto Msimbazi

Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, hupita katikati ya Dar es Salaam na kumwagika Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander; kwa hiyo sampuli moja haiwezi kuusemea mto mzima. Chagua angalau vituo viwili, kimoja juu ya mahali maji machafu yanapoingilia na kingine chini yake, na urudi vituo vilevile kila safari. Karibu na mlango wa mto, subiri maji yakupwe, kwani yanapojaa bahari hurudi ndani na kuyazimua maji ya mto, jambo linalowapotosha wengi.

Kwa kipimo cha bakteria wa kinyesi, tumia chupa iliyotakaswa maabara, wala usiisuuze mtoni. Vaa glavu, simama ukielekea mkondo unakotoka, fungua kifuniko bila kugusa ndani yake, kisha izamishe chupa mdomo chini hadi sentimita 20 au 30 na uigeuze ielekee mkondo, ili isikinge utando wa juu wala tope ulilotibua kwa miguu. Acha nafasi ndogo ya hewa. Andika kituo, tarehe na saa kabla hujaondoka. Lebo inayoandikwa baadaye garini, kwa maoni yangu, haiaminiki.

Oksijeni iliyoyeyuka na jotoridi hupimwa hapohapo mtoni. Chupa ziwekwe kwenye barafu, gizani, zifike maabara ndani ya saa 6. Na kama mvua ilinyesha jana yake, hilo nalo liandikwe.