Unataka uongozi wa elimu Dar? Anza na kazi ambazo wenzako stafu wanazikimbia

Walimu wengi hapa mjini wanaamini uongozi unaanza siku mkeka, yaani orodha ya uteuzi, unatoka na jina lako limo. Mimi naona unaanza kwenye kikao cha stafu, pale mkuu anapouliza nani ataandaa ratiba ya muhula na watu wote ghafla wanainamia simu zao. Chukua hiyo ratiba. Chukua na usajili wa watahiniwa wa NECTA, Baraza la Mitihani, ni kazi inayochosha kuliko zote maana herufi moja ya jina ikikosewa mtoto wa watu anahangaika na cheti miaka na miaka, lakini ukiifanya vizuri misimu kadhaa kila mtu anajua ukiguswa wewe shule inatetereka. Hapo ndio unapewa kusimamia taaluma, au nidhamu, kisha usekendimasta, yaani umakamu wa mkuu, kisha watu wanaanza kukutaja.

Na wanaokutaja sio mkuu wako peke yake. Mtu wa kwanza nje ya geti anayekujua ni Afisa Elimu Kata, yule tuliyekuwa tunamwita mratibu. Akija shuleni usijifiche, mpe takwimu anazotaka siku hiyohiyo, sio kesho. Kujipendekeza hakusaidii sana, ila mwalimu ambaye taarifa zake haziombwi mara mbili anakumbukwa.

Makaratasi yako mwenyewe je? Kupanda daraja na nidhamu ya walimu viko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, kwa hiyo jalada lako liwe safi, na malengo yako ya PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, jaza kwa wakati. Kuna walimu wazuri sana darasani wanajaza PEPMIS usiku wa mwisho mtandao ukiwa umelemewa, alafu wanalalamika. Shule nayo rudi. Diploma ya uongozi na utawala wa elimu iko ADEM, wakala wa maendeleo ya uongozi wa elimu, pale Bagamoyo, na kama una digrii tayari, Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna masters ya uongozi na utawala wa elimu, na Chuo Kikuu Huria unasoma huku unafundisha, na kwa foleni za jiji hili huria ndio inakuokoa zaidi. Ruhusa ya kusoma omba kwa mwajiri kwa maandishi, usiondoke kwa maneno ya mdomo hata kama bosi ni shemeji yako.

Sasa hela, na hapa naomba uelewe vizuri maana hapa ndipo wakuu wanapoanguka, sio kwenye ufaulu. Tangu elimu bila ada ianze 2016 mwalimu mkuu wa msingi alipangiwa posho ya madaraka ya 200,000 kwa mwezi na mkuu wa sekondari 250,000, ukisikia hivyo unaona raha, ila kuna upande wa pili. Ruzuku ilipangwa 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari, na sio yote inaingia akaunti ya shule, sehemu inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Hiyo inayobaki ndio chaki, mitihani, ukarabati mdogo, na kila shilingi inaingizwa kwenye FFARS, mfumo wa hesabu za vituo, na manunuzi siku hizi ni NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali mtandaoni. Usingoje uteuliwe ndio ujifunze hivi vitu! Mwombe mhasibu au mkuu akuonyeshe vocha inavyoandaliwa, risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, inavyobandikwa, na muhtasari wa kamati ya shule (sekondari ni bodi) unavyoandikwa. Michango ya wazazi usiiguse bila kikao, muhtasari na kibali, hata kama wazazi wenyewe ndio wameileta kwa moyo mweupe, maana mzazi mmoja tu akipiga simu redioni wewe ndio utaitwa kujieleza.

Chuo kikuu ni njia nyingine kabisa, na wengi wanachanganya. Kule huanzi na utawala, unaanza na GPA, wastani wa alama zako za chuo: 3.8 ya digrii ya kwanza ndio mlango, masters 4.0, alafu PhD na machapisho, unapanda kutoka mhadhiri msaidizi mpaka profesa, na njiani unapewa uongozi wa idara, uamidi, urasi wa ndaki, yaani kuongoza kitivo kikubwa ndani ya chuo. Kama una miaka kumi na tano shuleni na digrii yako ilikuwa 3.1, kwa maoni yangu usipoteze muda huko, nenda njia ya halmashauri, Afisa Elimu Kata, afisa taaluma wa wilaya au mkoa, au uthibiti ubora, yaani ukaguzi wa shule. Kutoka chuo kwenda juu zaidi inawezekana, Profesa Ndalichako alikuwa mhadhiri wa elimu Mlimani kabla ya kuongoza NECTA na baadaye wizara yenyewe, ila ona alipitia wapi kwanza.

Barua ikitoka, usikimbilie kusaini makabidhiano. Wakuu wapya wanaona aibu kuhesabu mbele ya mtangulizi wao, hasa akiwa mtu mzima, unamwita mama au mzee alafu unataka kumhesabia viti. Hesabu tu, kwa heshima, na shahidi awepo. Madawati, vitabu, stoo, salio la benki la siku hiyo, majina ya wanaosaini hundi yabadilishwe, nywila za mifumo, hati ya eneo kama ipo maana Dar viwanja vya shule vinamegwa kimyakimya. Na ulizia madeni: mlinzi, maji, mama wa uji, fundi aliyeziba paa kabla ya masika. Yote yaandikwe kwenye hati na nyote wawili msaini, kwa sababu mama wa uji atakuja Jumatatu asubuhi na daftari lake, na kama deni halimo kwenye hati, utalilipa wewe.