Safu za jarida na urefu wa maneno yetu

Kama unapanga jarida la Kiswahili la ukubwa wa A4, fikiri mara mbili kabla ya kugawa ukurasa safu tatu. Ukurasa una upana wa milimita 210. Toa pambizo za milimita 15 kila upande na nafasi ya milimita 5 kati ya safu, kila safu inabaki na takriban milimita 57. Kwa herufi za pointi 10, hapo zinaingia herufi thelathini na kitu tu kwa mstari. Sasa neno kama "wanaoshughulikia" lina herufi 16, yaani karibu nusu ya mstari! Ukinyoosha kingo zote mbili, maneno yanaachana na ukurasa unajaa mapengo meupe yanayochosha macho.

Mimi hutumia safu mbili kwa makala ndefu. Safu tatu naziachia habari fupifupi, tena ukingo wa kulia nauacha huru.

Jambo jingine, na hili linaniuma nikiliona limechapishwa: zima ukataji wa maneno wa Kiingereza (kugawa neno kwa kistari mwishoni mwa mstari) kwenye programu yako ya kupangia kurasa. Silabi zetu nyingi huishia na irabu, kwa hiyo ni "wanafu-nzi", si "wanafun-zi". Kama programu haina kanuni za Kiswahili, kata kwa mkono pale panapolazimu. Inachukua muda, lakini msomaji hatajikwaa katikati ya neno.