Kuchagua programu ya bei nafuu ya kubuni vito kama una mashine ndogo ya kuchonga

Anayeanza kuchonga nta za vito kwa mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, huuliza kwanza programu gani ya kuchorea ni nzuri. Ukweli ni kwamba hiyo ndiyo programu ya mwisho kulipiwa, kwa sababu za bure zinazotosha zipo. Watu hukwama kati ya mchoro na biti, na kama una hela ya kuweka, weka hapo. Maelezo haya ni kwa mwenye mashine ya mezani, hasa ile ya 3018 ambayo wengi huanza nayo, anayechonga nta kisha anampelekea sonara asubu fedha au dhahabu.

Hatua ya 1: Isome mashine kwanza

Chukua karatasi, andika ukubwa wa eneo la kazi, idadi ya mihimili (njia ambazo mashine inaweza kusogea), aina ya kontrola (ubongo wa mashine unaosoma amri) na kipenyo cha shina la biti inayoingia kwenye spindo, ile mota inayozungusha biti. 3018 ya kawaida ina eneo la 300 × 180 mm na kimo cha kama 45 mm, lakini ukishaweka vaisi na biti, kimo unachobaki nacho kinashuka chini ya hapo. Shina la biti huwa 3.175 mm. Kontrola yake ni GRBL, nayo GRBL ya kawaida inajua X, Y na Z tu, yaani kushoto-kulia, mbele-nyuma na juu-chini. Mashine inayoendeshwa na Mach3 inaweza kukubali mhimili wa nne, ule wa kuzungusha, ambao ndio unaotakiwa kwa pete yenye nakshi pande zote. Mashine za Roland zina lugha yake na huja na programu yake, kwa hiyo ukinunua ya mtumba hakikisha unapewa na programu hiyo.

Kwa nini tuanzie hapa? Kwa sababu kazi nzima inapita kwenye programu tatu. Ya kwanza inachora umbo. Ya pili inachukua umbo hilo na kupanga njia za biti, kisha inatoa faili la amri, yaani jikodi (G-code). Ya tatu inaituma jikodi kwenye mashine. Ya tatu isikuumize kichwa: kwa GRBL kuna Candle na Universal Gcode Sender, zote bure. Ya pili ndiyo inayosahaulika, halafu mtu anakuwa na mchoro mzuri wa pete kwenye skrini na mashine imekaa tu.

Hatua ya 2: Amua utachonga nini miezi ya mwanzo

Vidani bapa vya majina, nembo na samaki vinafaa mashine ya mihimili mitatu bila shida. Pete ya muhuri inawezekana kwa kuchonga uso wa juu, kugeuza nta na kuchonga upande wa pili. Pete yenye nakshi kuzunguka mwili wote haiwezekani bila mhimili wa nne, hata ununue programu ya mamilioni. Biti inashuka kutoka juu. Mahali ambapo jicho lako halifiki ukitazama kutoka juu, biti nayo haifiki.

Usipange kuchonga dhahabu yenyewe. 3018 haina nguvu wala ugumu wa mwili wa kuchonga madini kwa kina, na vumbi la dhahabu linalopotea sakafuni ni hela. Chonga nta. Kabla hujanunua chochote, muulize sonara wako kama anasubu kwa nta iliyozungushiwa plasta na kuyeyushwa. Si wote wanaofanya hivyo. Wapo wanaofua na kuchomea tu, na kwa hao nta yako haina kazi.

Hatua ya 3: Chagua ya kuchorea

Kwa vidani vya majina, anza na Inkscape. Ni ya bure, nyepesi, na inafungua hata kwenye laptop ya mtumba. Andika jina, geuza maandishi yawe mistari, kisha unganisha herufi zote ziwe umbo moja. Usipoziunganisha, biti itakata kila herufi peke yake na kidani kitatoka vipande vipande.

Kwa pete na vitu vya vipimo, FreeCAD. Nayo ni bure, na ndani yake ina sehemu ya kupanga njia za biti, kwa hiyo unapata programu mbili kwa mpigo. Nguvu yake ni kwamba kila kipimo ni namba unayoweza kuibadilisha. Mteja wa saizi 7 ya Marekani anahitaji kipenyo cha ndani cha kama 17.3 mm, akija wa saizi 8 unabadilisha namba iwe 18.1 na pete yote inajipanga upya. Chukua toleo la 1.0 au jipya zaidi, maana matoleo ya nyuma yalikuwa na tabia ya kuvuruga mchoro ukirekebisha hatua ya mwanzo. Udhaifu wake ni maumbo laini: ua, uso wa mtu, mkunjo wa mkia wa samaki. Hapo utateseka.

Kwa maumbo hayo, na kwa pete za mawe, Blender ikiongezewa JewelCraft. Zote mbili bure, na unaruhusiwa kuuza unachotengeneza. JewelCraft inakuwekea jiwe la saizi unayotaka, inatengeneza kucha za kulishika na tundu la kulikalisha, na inakadiria uzito wa madini. Kwa anayebuni vito hakuna cha bure kinachoikaribia. Ubaya wake ni wingi wa vitufe unaotisha, na haipangi njia za biti. Inataka pia kompyuta ya maana, RAM isiyopungua GB 8.

Zinazolipiwa: Rhino ni nzuri, inalipiwa mara moja bila ada ya mwaka, na leseni kamili ya biashara ni karibu dola elfu moja. Inatoa majaribio ya siku 90 bila kufungiwa kitu; zikiisha, inafungua faili lakini haihifadhi. MatrixGold, iliyochukua nafasi ya Matrix, imejengwa juu ya Rhino na ni ya karakana kubwa, iache. Fusion ina toleo la bure, ila ni kwa matumizi binafsi yasiyo ya biashara, inakupa mafaili 10 tu ya kuhariri kwa wakati mmoja, na imepunguziwa kasi ya biti inapohama bila kukata. Anayeuza vidani asijifiche humo.

Halafu kuna ArtCAM, programu ya kuchora nakshi na kupanga njia za biti. Utauziwa kwenye flash, imevunjwa kufuli, kwa bei ya chipsi mayai. Kampuni yake, Autodesk, iliacha kuiuza mwaka 2018. Mrithi wake halali ni Carveco. Flash hizo huja na virusi, na kompyuta inayoshika michoro ya wateja wako si ya kuchezea.

Hatua ya 4: Chagua ya njia za biti

Hapa ndipo pa kukaa na kufikiri. Ukianza na vitu bapa, sehemu ya FreeCAD ya kupanga njia, iitwayo CAM, inatosha. Kwa maumbo yenye mabonde na vilima yanayotoka Blender kama faili la STL (faili la umbo la pande tatu), DeskProto ni rahisi zaidi kwa anayeanza: ina toleo la bure la mihimili mitatu, inakuuliza maswali kwa mpangilio, na ukiongeza mhimili wa nne baadaye unalipia toleo la juu bila kujifunza programu mpya.

Yoyote utakayochukua, kagua mambo haya kabla ya kutoa hela. Je, ina mpangilio wa kutoa jikodi ya kontrola yako? Ukitoa jikodi ya mashine nyingine na kuipa GRBL, utakutana na ujumbe wa error 20, maana yake kuna amri isiyoijua. Mara nyingi ni ile ya kubadilisha biti, M6. Je, inatoa kwa milimita? Fungua jikodi kwa Notepad utazame mistari ya juu: G21 ni milimita, G20 ni inchi. Ukikuta G20 wakati namba ni za milimita, mashine itataka kwenda mara 25.4 ya umbali na kugonga ukuta wake. Je, inakuonyesha mfano wa nta ikiwa imeshachongwa? Kama haionyeshi, pitisha jikodi kwenye CAMotics, ya bure, uone kabla ya kuharibu nta.

Hatua ya 5: Ijaribu kwa kidani kimoja

Usiamue kwa kutazama video. Chora kitu kimoja, sema sato wa 25 × 15 mm mwenye unene wa 2 mm, umpitishe kwenye kila programu unayofikiria, mpaka nta itoke mashineni.

Kwenye Blender, kabla ya mstari wa kwanza, weka kipimo cha urefu kiwe milimita na kizidishio cha kipimo kiwe 0.001. Ukitoa STL, usiweke tiki kwenye "Scene Unit". STL haibebi kipimo, inabeba namba tupu. Ukikosea hapo sato wako atafika kwenye programu ya njia akiwa na urefu wa 0.025 mm, au hataonekana kabisa, na utadhani programu ni mbovu. Jambo lingine: duara la Blender huja na pande 32. Kwa pete ya 17.3 mm pande hizo zinakosea duara halisi kwa kama 0.04 mm, na kidole kinazisikia. Weka 128, kosa linashuka chini ya 0.003 mm.

Magamba yana mpaka wake. Biti ya V ya nyuzi 30 yenye ncha ya 0.2 mm ikizama 0.3 mm inaacha mfereji wa karibu 0.36 mm. Magamba membamba kuliko hapo hayatatokea, na mfereji wa kina kidogo utafutwa na msasa na kung'arisha.

Panga mikato miwili. Wa kwanza kwa biti bapa ya 1 mm, ikishuka 0.5 mm kila safari, umbali wa 0.4 mm kati ya mstari na mstari. Wa pili kwa biti ya ncha ndogo, umbali wa 0.05 mm. Muda upigie hesabu mwenyewe: 15 mm ukigawa kwa 0.05 ni mistari 300. Kila mmoja 25 mm, jumla 7,500 mm. Kwa mwendo wa 400 mm kwa dakika ni karibu dakika 19. Ukitaka ulaini wa 0.02 inakuwa dakika 47 kwa samaki yuleyule, na kwenye miinuko mashine hupunguza mwendo, kwa hiyo ongeza. Wanaoanza hupenda 0.02. Baada ya kung'arisha, sonara hataona tofauti.

Nta ikianza kunata kwenye biti na kuwa uji, spindo inazunguka haraka huku mwendo ni wa pole, biti inasugua badala ya kukata. Ongeza mwendo, punguza mizunguko, puliza hewa. Tumia nta ngumu ya kijani kwa nakshi ndogo. Ya bluu inajikunja na inafaa kukatwa kwa mkono zaidi. Acha vidaraja viwili vitatu vya 1.5 mm vinavyomshika samaki kwenye bamba, la sivyo atang'oka mkato wa mwisho unapokaribia kuisha.

Pima kwa kalipa. Ikiwa X ni 25.0 lakini Y ni 14.8 badala ya 15, usiilaumu programu. Kwenye GRBL chukua namba ya $101 (hatua za mota kwa kila milimita ya Y), zidisha kwa 15, gawa kwa 14.8, andika upya.

Sasa uzito, jambo ambalo mteja wa Mwanza atauliza kabla ya uzuri. Samaki huyo akiwa na ujazo wa 450 mm³, kwa fedha ya 925 ni kama gramu 4.7, kwa dhahabu ya karati 18 ni kama gramu 7. Chimba mgongo wake kwa kina cha 1 mm ukiacha ukingo wa 1 mm, unaokoa gramu mbili na zaidi za dhahabu. Chini ya magamba inabaki ngozi ya 0.7 mm, ukipunguza zaidi, dhahabu inaweza isifike wakati wa kusubu na samaki akatoka na matundu. Programu isiyokuonyesha ujazo inakulazimisha kukisia bei.

Hatua ya 6: Bando na umeme

Blender na FreeCAD zina mamia ya MB kila moja: zipakue kwa bando la usiku, uhifadhi na nakala kwenye flash. Fusion inataka intaneti ya mara kwa mara. Umeme ukikatika, laptop inaendelea na betri lakini mashine inasahau ilipokuwa, na kidani kimekwisha. Nunua UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, kabla ya leseni yoyote. Zima pia tabia ya laptop kulala yenyewe.

Hatua ya 7: Lini ulipie

Chonga pete ya nta yenye kipenyo cha ndani cha 17.3 mm, sonara aisubu na kuing'arisha, kisha ipime tena. Tofauti hiyo ndiyo nyongeza utakayoweka kwenye kila mchoro kwa sonara huyo. Sonara mwingine ana yake. Ukishakuwa na namba hiyo, na oda za pete zinazohitaji kuzungushwa zikaanza kurudi mikono mitupu, lipia kwanza mhimili wa nne na toleo la programu ya njia linaloujua. Kifuate kisanduku cha biti za akiba, kwa sababu ncha ya 0.2 mm huvunjika. Rhino iwashe majaribio yake ya siku 90 wakati una oda mkononi, si wiki ambayo huna kazi.